Fiziotherapia: Kuinuka Tena Baada ya Kansa

Rafiki msomaji, ukisikia neno "kansa" unafikiria nini? Wengi wetu hufikiria mambo matatu: kisu cha daktari, mionzi, na zile dripu kali zinazofanya nywele zinyonyoke. Ni kweli, hayo ndiyo matibabu makubwa ya kansa, au saratani kama tunavyoiita darasani. Lakini ipo tiba nyingine ambayo haisemwi sana. Haina sindano wala harufu ya dawa, na vifaa vyake mara nyingi ni ukuta, kiti, taulo na chupa ya maji. Tiba hiyo ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi.

Kabla hatujaendelea, tuondoe utata mmoja. Fiziotherapia si kuchua. Mitaani kwetu mtu akivimba goti hupelekwa kwa mzee anayejua kuchua kwa mafuta, akavutwavutwa mpaka machozi yanamtoka. Mfiziotherapia ni mtu aliyesoma miaka kadhaa jinsi mifupa, misuli, neva, moyo na mapafu vinavyofanya kazi. Yeye hupima kwanza: mkono unainuka mpaka wapi, misuli ina nguvu kiasi gani, pumzi inatosha? Ndipo anapopanga mazoezi ya huyo mgonjwa, tofauti na ya jirani yake wa kitanda cha pili. Kushika na kukanda anaweza, lakini hiyo ni sehemu ndogo tu ya kazi yake.

Sasa tuingie ndani ya somo.

MWILI UKILALA, UNAPUNGUA

Kwa miaka mingi mgonjwa wa kansa aliambiwa, "Pumzika, usijichoshe." Ndugu nao kwa mapenzi yao humnyang'anya ufagio, humletea maji ya kunawa kitandani, na hata kumkataza kwenda uani peke yake. Nia ni njema kabisa, lakini hebu angalia kinachotokea mwilini. Misuli isiyotumika huanza kupungua mapema sana. Moyo nao ni msuli, kwa hiyo hudhoofika. Akisimama anasikia kizunguzungu, akitembea hatua kumi anahema. Basi anarudi kulala, na kwa sababu amelala, kesho anakuwa dhaifu zaidi. Duara hilo halina mwisho mpaka mtu alikate.

Juu ya hayo kuna uchovu wa kansa wenyewe. Si uchovu wa kutoka shamba au mchezo wa mpira, ambao ukilala usiku mmoja unaisha. Huu mtu analala saa kumi na kuamka amechoka vilevile. Unatokana na ugonjwa, na dawa, na upungufu wa damu, na usingizi mbovu, na mawazo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo afanye mazoezi, ataona unamtania. Lakini kumbe utafiti mwingi umeonyesha kwamba mazoezi ya kiasi ndiyo moja ya tiba bora za uchovu huo. Mwaka 2019 wataalamu wa michezo na kansa kutoka nchi mbalimbali walitoa mwongozo: kutembea au zoezi jingine la kuhemesha kidogo kwa dakika 30, mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu za misuli mara 2 kwa wiki.

Usishtuke na hizo dakika 30. Hakuna anayeanza hapo. Mfiziotherapia anaweza kuanza na dakika tano kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Kipimo chake ni rahisi, na wewe unaweza kukijaribu leo: ukitembea uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba vizuri, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, punguza.

MKONO UNAOKATAA KUPANDA

Sasa tuchukue mfano mmoja na tuuchimbe. Mama amepatikana na kansa ya titi. Amefanyiwa oparesheni, titi limeondolewa, na daktari ameondoa pia tezi za limfu za kwapani ili kuona kama ugonjwa umefika huko. Tezi hizi unazifahamu, maana zikivimba kinenani ndiyo tunasema mtu ana mtoki. Kazi yake ni kuchuja maji ya limfu yanayorudi kutoka mkononi kuelekea moyoni, na kukamata vijidudu njiani.

Baada ya siku chache mama anagundua kitu. Mkono wa upande ule hauendi juu. Kidonda kinavuta, ngozi ya kifuani imekaza, na kwapani anahisi kama nyuzi za gitaa zimenyooshwa mpaka kwenye kiwiko. Kwa kuogopa maumivu anaufunga mkono ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa. Akiachwa hivyo, bega litaganda. Na fikiria bega lililoganda lina maana gani nyumbani: hawezi kuanika nguo kwenye kamba, hawezi kusuka nywele za mtoto, hawezi kufunga kilemba, wala kushusha sufuria rafuni. Na kama anahitaji mionzi, mashine nyingi zinataka alale ameinua mkono juu ya kichwa. Bega lililoganda linaweza kuchelewesha hata matibabu yenyewe.

Ndiyo maana fizio huja mapema wodini, mara nyingi siku ya kwanza baada ya oparesheni. Mazungumzo yao huwa kama hivi:

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Mkono huu si wangu tena."

"Ni wako, tutaurudisha. Leo sitaki uuinue. Finya tu ngumi, uachie. Tena. Kunja kiwiko, nyoosha. Basi, kwa leo inatosha."

Ndivyo inavyoanza. Kufinya ngumi kunaonekana kama mchezo wa watoto, lakini misuli ya mkono ikikaza na kuachia inasukuma damu na limfu kurudi juu. Wiki ya kwanza, wakati mrija wa kutolea majimaji bado upo, kwa kawaida mkono hauinuliwi kupita usawa wa bega. Baadaye linakuja zoezi la ukuta. Mama anasimama akiutazama ukuta, anaweka vidole juu yake na kuvitambaza kama buibui kupanda, mpaka pale panapovuta bila kuuma sana. Anapaweka alama ya chaki au mkaa. Kesho anajaribu kuipita alama ile kwa upana wa kidole kimoja. Baadhi ya watoto hupenda sana kazi ya kumwekea mama alama, na mama naye hupenda kuona alama zinavyopanda. Kama kwenu yupo mgonjwa wa namna hii, hiyo ni kazi nzuri kwako jioni ukishamaliza masomo.

Tatizo la pili huchelewa zaidi. Tezi zikiondolewa au zikichomwa na mionzi, barabara ya limfu inakuwa nyembamba. Maji yanaweza kukusanyika na mkono ukavimba, wakati mwingine baada ya miezi, wakati mwingine baada ya miaka. Kwa wanawake walioondolewa tezi nyingi za kwapani, jambo hili hupata karibu 1 kati ya 5. Uvimbe wa namna hii hauleti kansa upya, na wala si uchawi, ingawa nimeshasikia watu wazima wakisema hivyo. Ni suala la mabomba tu. Fizio hupima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, akilinganisha na mkono mzima. Hufunga bandeji maalumu zinazobana zaidi kwenye vidole na kulegea kadiri zinavyopanda, hukanda taratibu sana kuelekea juu, na humfundisha mama kuitunza ngozi. Ngozi hiyo haitaki mikwaruzo. Akienda kupalilia avae glavu, akikatwa na jani la muwa aoshe mara moja kwa maji na sabuni. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na kuuma, pamoja na homa, hiyo si kazi ya mazoezi. Ni hospitali siku hiyohiyo.

MTUMBWI WA VANCOUVER

Hapa nina kisa kimoja ninachokipenda. Zamani wanawake waliotibiwa kansa ya titi walikatazwa kabisa kazi nzito za mikono. Usibebe ndoo, usibebe mtoto, usilime. Hofu ilikuwa kwamba mkono utavimba. Lakini marufuku hiyo ilikuwa na ushahidi mdogo sana nyuma yake.

Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari wa michezo anayeitwa Don McKenzie aliamua kuijaribu hofu hiyo hadharani. Alichukua wanawake 24 waliowahi kutibiwa kansa ya titi na kuwaingiza kwenye mtumbwi mrefu wa mashindano wa asili ya Kichina, ule wenye kichwa cha joka mbele. Kupiga kasia ni kazi ya mikono na mabega hasa, tena ya kurudiarudia. Kwanza waliwekwa kwenye mazoezi ya kujenga misuli kidogo kidogo, ndipo wakaingia majini. Msimu ulipoisha, hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya wa mkono. Timu yao iliendelea, na leo zipo mamia ya timu kama hiyo duniani.

Wanawake 24 ni wachache, mwalimu wako wa hisabati atakuambia hivyo. Lakini mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walitangaza matokeo ya utafiti mkubwa zaidi. Wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba waligawanywa makundi mawili, kundi moja likanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, likianza na uzito mdogo na kusimamiwa. Mikono yao haikuvimba zaidi kuliko ya wenzao. Tena, walioona uvimbe ukizuka kwa ghafla walikuwa wachache kuliko wale wasionyanyua, na nguvu zao ziliongezeka. Kwa mama wa kwetu anayeteka maji kisimani jambo hili ni kubwa. Halimaanishi akabebe ndoo ya lita 20 kesho asubuhi. Linamaanisha anaweza kujengwa, kuanzia chupa ya nusu lita (ambayo ni nusu kilo, kumbuka somo la fizikia), mpaka afike kwenye ndoo yake.

GOTI LA KIJANA

Msije mkadhani kansa ni ya akina mama na wazee. Ipo kansa ya mifupa, osteosakoma, inayopenda hasa umri wenu, wakati mifupa inarefuka kwa kasi, na mara nyingi hukaa karibu na goti. Kijana anadhani ameumia mpirani. Anapakwa dawa ya misuli, anachuliwa, wiki zinapita. Sikiliza vizuri: maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, na uvimbe usioondoka kwa wiki kadhaa, vinahitaji picha ya eksirei na si mikono ya mchuaji. Magoti mengi yanayouma si kansa, ondoa wasiwasi. Lakini kuchua uvimbe wa mfupa usiojulikana ni hatari na ni kupoteza muda.

Matibabu ni dawa za kansa pamoja na oparesheni. Hospitali nyingine zinaweza kutoa kipande cha mfupa na kuweka chuma, na pengine inabidi mguu ukatwe. Ni habari nzito kwa mtu wa miaka 16, na mfiziotherapia mzuri hamwambii "usilie". Humwacha alie, halafu wanaanza kazi.

Kazi ya kwanza inashangaza: ni kulala kifudifudi. Mtu aliyekatwa mguu hupenda kukaa, na kuweka mto chini ya kigutu kwa sababu anasikia nafuu. Misuli ya mbele ya nyonga inabaki imekunjika, inafupika, na baada ya wiki chache nyonga hainyooki tena. Mguu wa bandia ukija, hawezi kusimama wima. Kwa hiyo mto unaondolewa, na mara kadhaa kwa siku analala kifudifudi ili nyonga inyooke. Kigutu nacho hufungwa bandeji ya kuvutika kwa mtindo wa namba 8, kipate umbo la kuingia vizuri kwenye mguu wa bandia. Wakati huohuo anajenga mikono kwa ajili ya magongo, na mguu uliobaki kwa ajili ya kubeba mwili wote.

Halafu kuna jambo la ajabu ambalo wengi huogopa kulisema wasije wakaonekana wamerukwa na akili. Vidole vya mguu ambao haupo vinawasha, au vinauma. Si wazimu hata kidogo. Ubongo bado una ramani ya mguu ule. Fizio anaweza kutumia kioo: mguu mzima unawekwa mbele ya kioo, mgonjwa anauona kama miguu miwili, anauchezesha, na kwa baadhi ya watu maumivu hupungua.

Mguu wa bandia wenyewe hutengenezwa na mafundi sanifu wa viungo bandia. Hapa Tanzania wamekuwa wakifundishwa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 pale KCMC, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Lakini mguu bila mazoezi utaishia kuwa pambo la uvunguni. Aliyekatwa juu ya goti hutumia nguvu nyingi zaidi kutembea kuliko aliyekatwa chini ya goti, kwa hiyo lazima ajifunze: kusimama kati ya mihimili miwili, kuhamisha uzito, kupanda ngazi, kuanguka bila kuumia na kujiinua.

Huenda mmesikia habari za Terry Fox wa Kanada. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya osteosakoma. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake ili kuchangisha fedha za utafiti wa kansa, karibu kilomita 42 kila siku, kwa mwendo wa kurukaruka uliokuja kujulikana dunia nzima. Alikimbia siku 143 na kumaliza kilomita 5,373, ndipo ikagundulika kansa imefika mapafuni. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22. Ninamheshimu sana, ila sitaki kijana aliyetoka wodini ajipime naye. Njiani Terry alikataa kwenda kupimwa mara kwa mara, na hakuna fizio ambaye angekubali ratiba ile. Kwa wengi wetu, kwenda shuleni kwa mguu na kurudi ni ushindi wa kutosha.

MENGINE KWA KIFUPI

Aliyefanyiwa oparesheni ya tumbo au kifua hufundishwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa akiwa ameshikilia mto kwenye mshono, ili makohozi yasilale mapafuni. Mtoto anayetibiwa kansa ya damu anaweza kuanza kuburuza miguu kwa sababu baadhi ya dawa hugusa neva. Hunyooshwa visigino na kufundishwa kutembea kwa visigino kama mchezo. Mwenye kansa ya koo aliyepigwa mionzi hufanya mazoezi ya kufungua mdomo, taya lisije likakaza. Mwanamke aliyetibiwa kansa ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania, anaweza kuvuja mkojo. Yapo mazoezi ya kukaza misuli ya chini ya nyonga, kama vile unazuia haja ndogo. Watu wanaona aibu kuyataja, na aibu hiyo inawatesa bure.

Na je, mazoezi yanaweza kuzuia kansa isirudi? Hadi karibuni jibu lilikuwa "huenda". Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 889, wengi wao kutoka Kanada na Australia, waliokwisha kufanyiwa oparesheni na kupewa dawa za kansa ya utumbo mpana. Nusu walipewa mpango wa mazoezi kwa miaka 3 wakiwa na msimamizi, nusu walipewa kijitabu cha ushauri tu. Baada ya miaka 8, katika kundi la mazoezi walikuwa hai asilimia 90, na katika kundi la kijitabu asilimia 83. Soma tena habari hii: walikuwa wamekwisha kutibiwa. Anayekuambia uache dawa ukimbie mbio uponyeke, huyo anataka kukuua.

Zipo pia siku za kutofanya zoezi. Mgonjwa mwenye homa apumzike na apelekwe hospitali, kwa kuwa dawa za kansa hushusha chembe nyeupe za damu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au kifua kikibana, asimame hapohapo na aonwe na daktari. Na kama kansa imefika kwenye mfupa, fizio lazima ajue kabla, kwa sababu mfupa ule unaweza kuvunjika kirahisi.

MASWALI MNAYOULIZA

"Je, nikimshika mgonjwa wa kansa mkono akifanya mazoezi nitaambukizwa?" Hapana. Kansa haiambukizwi kwa kushikana, kula pamoja wala kutumia taulo moja. Wewe ndiye unayeweza kumpa vijidudu, kwa hiyo nawa mikono, na kama una mafua kaa mbali.

"Hatuna hela ya vifaa." Mpira wa ndani wa baiskeli ukikatwa unatosha kuvutia mikono. Chupa ya maji au ya mchanga ni uzito. Kiti imara kisichoteleza ni mashine nzuri kuliko zote: simama, kaa, simama. Lakini kwanza fizio aseme mara ngapi.

"Mwenzetu amerudi shuleni na magongo. Tumfanyeje?" Muulizeni yeye. Wengine wanataka kubebewa begi, wengine hawataki kabisa. Wakati wa michezo msimwache darasani alinde madaftari, mpeni hata kazi ya kupiga filimbi. Na mwambieni mwalimu wa zamu kwamba akichelewa mstarini asipewe adhabu.

"Nataka kuwa mfiziotherapia. Nisome nini?" Baiolojia, Kemia na Fizikia, na usiikimbie Fizikia, maana mwili wote ni nyenzo na egemeo. Tanzania unaweza kusomea KCMC Moshi, Kenya vipo vyuo vya KMTC. Kwa somo hili la leo, ombeni mwalimu wenu wa Baiolojia awapeni dakika kumi za kujaribu: kila mmoja afunge mkono anaoandikia ubavuni kwa khanga, kisha avae sweta, afunge kamba za viatu na kuandika jina lake ubaoni. Andikeni ni misuli gani mliyoikosa zaidi, na mlete majibu yenu kwa barua.